Warsha ya siku mbili ya kuwasilisha utafiti: ningelipia siku ya kwanza tu

Nianze na swali lililoniumbua. Nimesimama mbele ya washiriki wenzangu kumi na saba, slaidi ya nne iko ukutani, imejaa viwango vya floraidi kwenye maji ya visima. Mshiriki aliyepangiwa kuigiza mtumiaji wa maji akanyoosha mkono: "Nikiyachemsha je?"

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, ukali wake unapanda. Hilo nalijua hata usingizini. Lakini katika slaidi zangu ishirini na mbili halikuwemo popote, maana maabara hakuna anayeniuliza swali hilo.

Zoezi hilo ndilo lililobeba warsha nzima. Unakuja na tokeo moja la utafiti wako, unalieleza mara tatu, dakika tano tano: kwa wataalamu wa fani yako, kwa maofisa wanaoamua bajeti, na kwa watu ambao jambo lenyewe linawagusa ila fani hawaijui. Nilidhani kazi ni kupunguza istilahi kadiri unavyoshuka. Kumbe sivyo. Wataalamu walinibana kuhusu elektrodi, kile kifaa cha kupimia floraidi: niliirekebisha kwa miyeyusho ipi, mara ngapi kwa siku. Maofisa hawakuwa na haja na elektrodi. Walitaka kujua ni visima vingapi vimevuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita, na kama niko tayari kuitetea hesabu hiyo. Kundi la tatu lilitaka kujua kesho asubuhi wachote maji wapi. Nilichokiweka mwisho kwa wataalamu, hawa walikihitaji kabla sijamaliza kujitambulisha.

Mkufunzi wa siku hiyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa mstari wa nyuma kabisa, na kila asipoweza kusoma kitu kwenye slaidi alisema "sioni", basi. Nilipotaja miligramu 1.5 kwa kundi la tatu akanikatiza: hiyo ni nyingi au kidogo? Tukapiga hesabu ubaoni. Kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu 4; ukikikoroga kwenye tangi la lita 2,700 hivi, umefika hapo hapo. Mfano mzuri, lakini nikasita: si mtu ataondoka akidhani ni kitu cha kupuuza? Akaniambia nimalizie sentensi basi. Nikamalizia: maji yakizidi kiwango hicho, mtoto akayanywa kila siku wakati meno yake yanajengeka, hatari ya madoa ya kahawia inapanda. Sentensi hiyo ninaitumia mpaka leo, neno kwa neno.

Kilichoniuma zaidi ni ramani. Visima vibaya nilivipaka nyekundu, vizuri kijani, nikaona nimemaliza. Jirani yangu akauliza kwa upole vibaya ni vipi, maana kwake vyote vilikuwa rangi moja. Miaka mitatu nimeionyesha ramani ile kwenye makongamano! Sasa vibaya ni pembetatu za chungwa, vizuri ni duara za buluu, hata ukiichapa kwa wino mweusi inasomeka.

Siku ya pili sitaki kuiongelea sana. Mkufunzi mwingine, aliyetusomea slaidi zake kuhusu kutosoma slaidi. Tukagawiwa vielekezi vya leza, na chumba kilikuwa na skrini kubwa ya televisheni ambayo nukta ya leza haionekani vizuri juu yake. Akasisitiza kwamba watu wasio wataalamu wapewe hadithi, takwimu zitawachosha. Jana yake tu hao hao ndio walionishinda kwa swali.

Akatuonyesha pia mwanafizikia Richard Feynman mwaka 1986, kwenye uchunguzi wa ajali ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilichosambaratika muda mfupi baada ya kuruka, akitumbukiza kipande cha mpira wa kuzibia maungio ya roketi zake za pembeni kwenye glasi ya maji ya barafu kuonyesha kwamba baridi inakifanya kishindwe kurudi umbo lake. Kila mtu akatikisa kichwa. Asichokigusa ni kwamba usiku wa kuamkia safari ile, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zile za pembeni walikuwa wameonya juu ya mpira huo huo na baridi hiyo hiyo, kwa chati na majedwali, mbele ya watu wenye uwezo wa kuahirisha safari. Hapo ndipo palipokuwa na somo la siku nzima, naye akarukia kwenye uchaguzi wa fonti.

Manung'uniko mengine ni ya uandaaji. Tulikuwa wengi mno, kwa hiyo waliopangwa mwisho duru yao ya tatu ilikatwa ikawa dakika mbili. Video tulizoahidiwa za mawasilisho yetu hazikuja. Niliuliza mara mbili, nikajibiwa mara moja kwamba zinashughulikiwa.

Nyota tatu kati ya tano, zote za siku ya kwanza. Wakiiuza peke yake nitarudi, tena na matokeo ya arseniki (sumu inayoweza kuwemo kwenye maji), ambayo mpaka sasa nimeshayaandikia slaidi ya kwanza mara nne na kuifuta.