Unataka Sidgwick wa historia ya falsafa? Nunua hiki kwanza, vingine visubiri

Watu wengi wakisikia Henry Sidgwick, mwanafalsafa Mwingereza wa maadili, wanakimbilia The Methods of Ethics ya 1874 wakidhani ndo itawapa historia, hapana jamani, ile ni hoja zake mwenyewe na ni nzito kweli kweli. Kama unataka kujua waliomtangulia walifikiri nini, namba moja bila kupepesa macho ni Outlines of the History of Ethics, 1886.

Kilianza kama makala ya Encyclopaedia Britannica alafu akaipanua, kwa hiyo sio kikubwa, kinaanzia kwa Wagiriki, kinapita Ukristo na zama za kati, kinaenda kwa Waingereza kina Hobbes, Butler, Hume mpaka Bentham na Mill. Ninachokipendea ni haki anayowatendea watu. Huyu Sidgwick ndo yule aliyeachia nafasi yake ya uanazuoni pale chuo cha Trinity, Cambridge, mwaka 1869 sababu dhamiri ilimkataza kuendelea kukiri vipengele 39 vya imani vya Kanisa la Uingereza, na kwenye kitabu unamuona ni mtu yuleyule, hata mtu asiyekubaliana naye anamweleza kwanza vizuri ndo aanze kumkosoa. Shida yake moja, huku mwishoni Waingereza wamejaa mno na Wajerumani wamebanwa pembeni. Ukipata toleo la 6 la 1931 lina sura ya ziada ya Alban Widgery, ila ile ya wachapishaji Hackett nayo inatosha kabisa.

Namba mbili ni Lectures on the Philosophy of Kant, 1905, aliihariri James Ward baada ya Sidgwick kufariki. Jina lisikutishe, mimi naipenda kwa sababu ya zile insha mbili kuhusu Masofisti, wale walimu wa kulipwa wa Ugiriki ya kale, zilizomo humo ndani!! Anachukua pale mwanahistoria George Grote alipoishia kuwatetea, anasema ule ubishi wa kutega watu maneno tunaowalaumu nao Masofisti, kumbe mizizi yake iko kwenye mahojiano ya Socrates mwenyewe na waliomfuata. Nilipoisoma ilibidi nirudi kwa Plato upya.

Namba tatu, mihadhara yake juu ya maadili ya wanafalsafa T.H. Green, Herbert Spencer na James Martineau, 1902. Hiyo nunua kama tayari unamsoma Green, la sivyo itakaa tu kwenye shelfu.

Kuhusu hela sasa. Sidgwick alifariki 1900, hakimiliki imeshaisha, skani zipo bure Internet Archive, kwa hiyo usilipe hela nyingi kwa vile vitabu vinavyochapwa kwa oda kutoka kwenye skani. Mimi niliuziwa kimoja onlaini, tanbihi zimekatwa chini na Kigiriki kimegeuka alama za ajabu, niliumia sana. Kabla hujalipa muombe muuzaji picha ya ukurasa mmoja wa sura ya Wagiriki, akizungusha maneno achana nae.