Diski ya bakapu inayobuti PowerBook G4: uzoefu wangu na kasha la FireWire

Kwenye PowerBook G4 ya alumini ya inchi 15, kompyuta mpakato ya zamani ya Apple yenye prosesa ya PowerPC, natumia kasha la nje la diski za SATA za inchi 2.5. Lina chipu ya Oxford 934, inayounganisha diski na poti, na poti za FireWire 800, FireWire 400 (poti za data za Mac za wakati huo) na USB 2.0. Ndani nimeweka SSD ya GB 120. Inabuti (yaani inawasha kompyuta kwa) mifumo ya Mac OS X Tiger na Leopard bila usumbufu, na nikihitaji nyingine nitanunua hiyohiyo.

Wauzaji hutaja ukubwa na kasi, lakini kwa Mac za PowerPC hayo ni ya kuuliza mwisho. Uliza kwanza kasha lina chipu gani, maana Open Firmware, programu ya kuwashia iliyo ndani ya Mac hizo, huitegemea hiyo kuifikia diski kabla mfumo haujapakiwa. Yapo makasha ambayo diski yake inasomeka na kuandikika vizuri Mac ikishawaka, ila ukishikilia kitufe cha Option wakati wa kuwasha ili uchague diski, haitokei kabisa. Familia ya Oxford ndiyo ninayoiamini: 911 kwa diski za zamani za IDE, 934 kwa SATA. Ukipata 911 ya mwanzomwanzo, weka diski isiyozidi GB 128, kwa kuwa programu iliyo ndani ya chipu haivuki hapo.

USB usiitegemee. Apple haikuunga mkono kubuti Mac OS X kwa USB kwenye PowerPC, na baadhi ya G4 zina USB 1.1 ya megabiti 12 kwa sekunde, wakati FireWire 400 ina 400. Pia kuna mashine zenye FireWire ambazo hazibuti kupitia hiyo FireWire: Power Mac G3 ya bluu na nyeupe, na Power Mac G4 ya kwanza yenye kadi ya picha ya PCI. Kwa hizo, hela yako iende kwenye diski ya ndani.

Wengi hukwama kwenye kufomati. Fungua Disk Utility, chagua diski yenyewe, si volyumu (sehemu yake yenye jina) iliyo chini yake. Ingia Partition, weka patisheni 1, bonyeza Options, chagua Apple Partition Map (mpangilio wa patisheni ambao PowerPC hubuti kwao), kisha fomati ya Mac OS Extended (Journaled). Diski iliyofomatiwa kwenye Mac ya Intel kwa kawaida huwa na mpangilio mwingine, GUID. Tiger na Leopard zinaisoma, lakini PowerPC haitabuti kwayo. Ukitaka kubuti Mac OS 9 pia, kwenye mashine inayoikubali, weka tiki kwenye madereva ya Mac OS 9 kabla ya kufomati, kwani baadaye hayaongezeki bila kufuta kila kitu.

Kabla ya kunakili, bonyeza volyumu mpya, fungua Get Info, na uondoe tiki kwenye "Ignore ownership on this volume". Ukiiacha, umiliki wa mafaili unapotea na nakala inaweza kugoma kuwaka. Ninanakili kwa programu ya Carbon Copy Cloner 3.4.7. Volyumu ya bakapu ipe jina tofauti na la diski ya ndani. Zikifanana hutajua umewaka kwa ipi.

Kisha jaribu papo hapo: zima, chomeka, washa huku umeshika Option, chagua ikoni ya chungwa ya FireWire, ubonyeze mshale. Ikishawaka, fungua About This Mac usome jina kwenye Startup Disk.

Umeme nao uangalie. Kebo ya pini 6 inabeba umeme, ya pini 4 haibebi, na diski ya inchi 3.5 lazima iwe na adapta yake ya umeme. Plagi ya pini 6 isiingizwe kwa nguvu: poti ikiwa imelegea, plagi huweza kuingia kinyume, umeme ukapita kwenye nyaya za data na kuunguza poti kwenye ubao mama.