Msaidizi wa akili mnemba kwenye Excel na barua pepe: nilivyomwona ofisini kwetu Moshi

Mwenye haraka achukue hukumu yangu mapema: kwa barua pepe za Kiingereza, lipia. Kwa hesabu, mtumie, ila mwombe fomula, usimwombe jibu. Kwa ratiba za mlima, kama hujawahi kuandika moja kwa mkono wako, mwache kwanza.

Ofisi yetu iko Moshi mjini, si mbali na Mnara wa Saa, na tunapandisha wageni Kilimanjaro. Mimi ni mtu wa mezani. Najibu wageni, natengeneza profoma, naandaa malipo ya wapagazi, na barua zile ambazo kila mtu anazikwepa huishia kwangu. Nimejaribu wasaidizi wa kampuni mbili tofauti, wale waliowekwa humo humo ndani ya programu tunazozifungua kila asubuhi. Sitasema kosa lipi lilikuwa la yupi, kwa sababu hawa wanabadilishwa kila mara, na aliyeboronga wiki hii huenda wiki ijayo akawa sawa.

Nianze na barua pepe, maana hapo ndipo nilipopata nafuu ya kweli. Mgeni wa Ujerumani au Marekani haandiki kidogo. Anauliza kuhusu chakula kisicho na ngano, kuhusu Diamox ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, bima itakayomlinda hadi mita 6,000, bakshishi ya wapishi, begi likichelewa njiani itakuwaje, na katikati ya aya ya nne amechomeka swali la fedha ambalo ukilikosa atakununia hadi siku ya kupanda. Msaidizi anaichambua barua yote na kunipangia maswali mstari kwa mstari. Mimi namjibu kwa Kiswahili changu cha mbio: mwambie mpagazi habebi zaidi ya kilo 20 na humo kuna vitu vyake mwenyewe, kwa hiyo begi lake liishie kilo 15, mwambie VAT imo kwenye bei, asihangaike. Anarudisha Kiingereza kilichonyooka. Zamani barua kama hiyo ilinila asubuhi nzima.

Ila ana utamu uliozidi. Kila mgeni amemfurahisha mno, kila swali ni zuri ajabu. Nafuta sentensi ya kwanza na ya mwisho, inayobaki ndiyo barua.

Barua za Kiswahili za kiofisi ni habari nyingine. Nilimwomba aandike kwa halmashauri kuhusu ushuru wa huduma, akaanza kwa kuulizia afya ya mpokeaji na kumtakia kila la heri, kama naandikia bibi Rombo. Hakuna Kumb. Na., hakuna YAH, hakuna "husika na mada tajwa hapo juu". Barua ya namna hiyo ikifika masijala inasomwa kwa kicheko. Dawa yake ni ndogo: mpe barua ya zamani iliyowahi kujibiwa, mwambie afuate umbo lile. Hapo anakaa kwenye mstari, hadi "ujenzi wa taifa" anaiweka mahali pake.

Sasa hesabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zilipo.

Karatasi yetu ya malipo ina jina la mpagazi, njia aliyopanda, siku alizokaa mlimani, kiwango kwa siku na advansi aliyokwisha kuchukua. Nilimwambia msaidizi: nijumlishie kila mtu anadai kiasi gani. Jedwali likaja kwa sekunde chache, limepangwa vizuri, lina rangi, lina jumla chini. Nikaona E. Mushi anadai karibu mara mbili ya wenzake. Anayeijua Moshi ameshaelewa. Akina Mushi hapa ni wengi kama akina Massawe, na sisi tuna E. Mushi wawili, mmoja alikuwa na kundi la njia ya Machame na mwingine njia ya Marangu. Msaidizi aliwaunganisha wakawa mtu mmoja, advansi ya huyu ikakatwa kwa yule. Hakuuliza, hakuweka alama ya wasiwasi popote. Karani mgeni angelipa vile vile, na jioni yake pangekuwa na kelele mlangoni.

Nikabadilisha ombi. Nikaongeza safu ya namba ya simu, nikamwambia asinipe jumla, aniandikie fomula ya kujumlisha kwa kufuata namba ya simu badala ya jina. Akanipa SUMIFS mbili, moja ya malipo na moja ya advansi, na maelezo ya kila kipande. Fomula unaiona kwa macho, unaijaribu kwa mtu mmoja ambaye hesabu yake unaijua, na kesho itatoa jibu lile lile. Jibu la msaidizi mwenyewe halina dhamana hiyo. Ukiuliza tena kwa maneno mengine unaweza kupewa kitu kingine. Sisemi haya kwa hasira za Mushi tu. Microsoft walipotangaza fomula yao ya COPILOT (ndilo jina la msaidizi wao) ndani ya Excel mwaka 2025, maelekezo yao wenyewe yalionya isitumike kwa kazi inayohitaji usahihi au jibu lisilobadilika. Malipo ya wapagazi, kama si kazi ya usahihi, basi sijui ni ipi.

Ratiba ilimpata mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo. Alimwagiza msaidizi aandike safari ya Marangu, akachapa karatasi safi yenye vichwa vya rangi, akampelekea mmoja wa viongozi wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee, naomba unipitishie hii."

"Marahaba mwanangu." Mzee akasoma, akasoma, akavua miwani. "Sasa hawa umewashusha Mweka. Gari si linawasubiri Marangu? Na mahema ya nini, wakati Mandara na Horombo kuna vibanda?"

Kosa lenyewe lina sababu yake, na ukiijua utalitegea. Mashine hii haina ramani ya mlima kichwani. Inapanga maneno kwa kufuata yale ambayo kwa kawaida huandamana kwenye maandishi iliyolishwa. Machame, Lemosho na Umbwe zote huteremkia Mweka, na kote huko watu hulala kwenye mahema, kwa hiyo ukitaja Kilimanjaro, Mweka na mahema vinakuja vyenyewe. Marangu ndiyo yenye vibanda, na aliyepandia huko anarudi kwa njia ile ile. Cha ajabu, urefu aliupatia: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kilele cha Uhuru 5,895. Ndiyo maana karatasi ilionekana ya kuaminika. Kwangu mimi msaidizi huyu anamfaa zaidi anayeijua kazi kuliko anayejifunza, na hapo natofautiana na matangazo yao yote.

Kuna jambo ambalo sikulikubali hata bosi aliposisitiza. Alitaka tumwage humo fomu za wageni, zile zenye namba za pasipoti na maelezo ya presha, kisukari na ujauzito, ili msaidizi atoe orodha ya wanaohitaji uangalizi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Maandishi unayompa msaidizi yanakwenda kwenye kompyuta za mbali kabla jibu halijarudi. Tulikubaliana fomu za afya zisomwe na binadamu, na kwenye barua nafuta jina na pasipoti kabla ya kumpa kitu.

Hilo la kompyuta za mbali lina upande wa pili: bila intaneti hayupo. Umeme ukikatika tunahamia bando la simu, nalo likiyumba Excel ya kawaida inaendelea kufanya kazi, ila msaidizi anazungusha duara tu. Copilot kwenye Excel kwa muda mrefu ilitaka pia faili liwe OneDrive, yaani ghala la mtandaoni la Microsoft, na AutoSave, ile ya kujihifadhi yenyewe, iwe imewashwa. Kama ofisini kwenu mafaili yanatembea kwa fleshi, huenda mkalazimika kubadili tabia kwanza.

Bei. Copilot ya maofisi ilipotoka Novemba 2023 ilikuwa dola 30 kwa mtu mmoja kwa mwezi, juu ya leseni ya kawaida, na hiyo kwa ofisi ndogo ya Moshi ni fedha ya kujadiliwa. Januari 2025 Google waliingiza Gemini, msaidizi wao, ndani ya vifurushi vya Workspace vya biashara, yaani programu zao za ofisi, wakapandisha bei ya kifurushi, utake usitake. Mwezi huo huo Microsoft waliiweka Copilot kwenye vifurushi vyao vya nyumbani, Personal na Family, navyo vikapanda. Anayegawana Family na ndugu zake ajue kwamba ni mwenye akaunti peke yake anayepata msaidizi. Na aliyekuwa mteja wa zamani asiyemhitaji aulize kama bado kipo kifurushi cha Classic, kisicho na msaidizi, hakikutangazwa sana.

Sisi tumebakiza leseni moja, iko mezani kwangu, kwa sababu ya barua pepe. Bosi aliuliza kama mwanafunzi naye apewe. Nikamwambia asubiri amalize msimu mmoja akiandika ratiba na mzee pembeni. Karatasi ya malipo tayari ina safu ya simu, na akina Mushi wote wawili walilipwa Ijumaa.