Huduma ya kukagua injini za dizeli za boti, Kisumu: uzoefu wangu

Fundi alishuka kwenye chumba cha injini, akaweka kiganja juu ya injini ya kulia, kisha ya kushoto, akapanda tena bila kugusa spana. "Mwalimu, leo turudi nyumbani," akaniambia. "Hizi zimeshawashwa."

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Mwenye boti niliyotaka kuinunua alikuwa ameniapia kwa simu kwamba haijawashwa tangu Jumapili. Alipoulizwa akasema kijana wake aliziwasha kidogo tu, zichangamke kabla ya wageni kufika. Fundi hakubishana naye. Alimwomba asiguse swichi tena, nasi tungerejea kesho yake alfajiri.

Nilinuna. Nilikuwa nimedamka usiku kutoka Ahero, na nusu ya shilingi 34,000 za ukaguzi ilikuwa tayari imeingia kwenye simu ya fundi. Leo nikiulizwa pesa hizo zilifanya kazi gani, nitasema sehemu kubwa ililipia kile kiganja.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Injini iliyochoka haibani vizuri, kwa hiyo ikiwa baridi husumbua kuwaka; ikishapata moto inajificha, inaitika starta mara moja kama iliyotoka kiwandani jana. Anayekupashia injini kabla hujafika huenda ni mkarimu tu. Lakini amekufichia swali ulilokuja kuuliza.

Boti yenyewe ni ya futi 36, ina vyumba viwili vya kulala na injini mbili za Yanmar 6LPA za nguvu farasi 315 kila moja. Ilifanya kazi miaka mingi Bahari ya Hindi kabla ya kupakiwa kwenye lori na kuletwa Ziwa Victoria. Mimi na shemeji yangu tulitaka kuitumia kupeleka wageni Kisiwa cha Ndere na kuzunguka Ghuba ya Winam jioni. Mwenyewe alitaka milioni nane na laki mbili. Hizo si pesa za kununulia rangi nzuri na viti vya ngozi.

Kumpata wa kuikagua haikuwa rahisi. Mafundi wa boti wamejaa hapa ziwani, lakini wengi wamezoea mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya mitumbwi ya wavuvi. Mafundi wa dizeli nao wapo tele, wa malori na jenereta. Anayejua dizeli na pia anajua maji yanavyoila dizeli, huyo ni wa kutafutwa kwa tochi. Huyu wangu alifanya kazi kwenye meli kwanza, halafu kwenye gereji ya Landcruiser, na bahati ikaangukia hapo hapo, kwa sababu injini hizi za 6LP msingi wake ni injini ya Toyota ya silinda sita, lita 4.2. Alipoziona alicheka kama aliyekutana na mtu wa kwao. Ila alinionya nisijipe moyo kwamba vipuri vyote nitavipata Kondele: ndani kuna undugu, lakini ekzosi, pampu ya maji ya ziwa na kipozajoto ni vya majini, navyo huagizwa.

Siku ya pili tulifika saa kumi na mbili na nusu, injini baridi kama jiwe. Ya kushoto iliwaka mara moja, ikatoa moshi hafifu uliopotea kabla sijamaliza kupiga picha. Ya kulia ilizungushwa na starta nikahesabu hadi tisa, ikakohoa, ikamwaga moshi mweupe uliolala juu ya maji na kutuchoma macho. Fundi akanifundisha jambo ambalo sikulijua. Mvuke wa maji nao ni mweupe, lakini hupotea upesi na hauchomi macho. Ule unaoganda hewani na kuwasha macho ni dizeli ambayo haikuungua.

Kabla ya hapo alikuwa ameshasoma mita za saa. Ya kushoto ilionyesha 1,140, ya kulia 410. Mwenye boti alieleza kwa fahari kwamba ya kulia haikutumika sana. Hebu fikiria: boti ya injini mbili, zote zinasukuma pamoja, moja ikafanya saa 700 zaidi ya mwenzake! Ni mita iliyobadilishwa, si injini iliyopumzishwa. Fundi aliandika tu namba zote mbili kwenye daftari lake, akaziwekea alama ya kuuliza.

Kwa ruhusa ya mwenyewe alifungua nozo zinazonyunyiza mafuta kwenye injini ya kulia na kupima mbano wa silinda zote sita. Tano zilisimama kati ya bar (kipimo cha shinikizo) 25 na 27. Ya sita ilifika 19. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba inafaa zifike karibu 30, nikashtuka nikadhani zote zimekufa. Akanituliza: ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, basi hata injini nzima itasoma chini kuliko ingesoma Mombasa. Usizilinganishe na kitabu, zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Moja ikiachwa nyuma na wenzake kiasi hicho, ina maradhi.

Sasa nije kwenye oili, maana hapa ndipo nina neno na fundi wangu.

Katika bei yake kulikuwa na kuchukua sampuli ya oili ya kila injini na kuipeleka maabara Nairobi. Maabara huangalia chembe za chuma, shaba, risasi na aluminiamu, na kutokana na hizo hujulikana kinacholika ndani ni pistoni, bearing au kitu kingine. Jambo zuri sana, isipokuwa oili tuliyoikuta ilikuwa ya rangi ya asali. Ilikuwa imebadilishwa wiki iliyotangulia. Oili ya siku saba iliyozunguka labda saa moja haina habari yoyote ya kumweleza mtu wa maabara, na majibu yalipokuja, baada ya siku 9 badala ya 4 alizoahidi, yalisema hivyo hivyo: safi, lakini imetumika kidogo mno. Fundi alijua. Angeniambia pale pale niokoe 9,000. Nilipomuuliza alisema nililipia sampuli, akachukua sampuli. Jibu la karani hilo, si la fundi.

Ila nimtendee haki. Alipoona ile rangi ya asali aliuliza filta za zamani ziko wapi. Kijana wa boti akazitoa kwenye ndoo nyuma ya stoo, maskini hakujua anachokabidhi. Fundi alizifungua kwa kikata filta, si kwa msumeno, maana msumeno huingiza unga wake wa chuma. Akaikunjua karatasi ya ndani juani. Ya kushoto ilikuwa na masizi tu. Ya kulia ilimeremeta. Akapitisha sumaku: vichembe vingine vilinasa, vingine vikabaki vimelala. Ambavyo havinasi, alisema, mara nyingi hutoka kwenye bearing. Ndoo ile ilituambia mengi kuliko maabara.

Siku ya kwenda majini alichelewa saa mbili na nusu, eti alikuwa na kazi nyingine bandarini. Tukatoka, tukaipita Hippo Point, na tulipofika maji ya wazi akasukuma gesi zote mbili hadi mwisho. Injini hizi zinatakiwa kufika raundi 3,800 kwa dakika. Ya kushoto ilifika 3,750. Ya kulia iligoma kwenye 3,400, moshi mweusi, na joto likapanda hadi 98. Akapunguza mara moja, akafungua chujio la maji ya ziwa, na hapo tukakuta mizizi ya gugu maji imejazana kama sukuma wiki kwenye sufuria. Kulisafisha kulishusha joto hadi 84. Raundi hazikupanda hata moja.

Mimi ningeishia hapo, nikashukuru kwamba lilikuwa gugu tu. Yeye akaniuliza: tumbo la boti likiwa chafu, si injini zote mbili zingelemewa? Pangaboi mbili zinafanana, mwili ni mmoja, basi ubaya uko ndani ya injini ya kulia yenyewe. Kimo cha ziwa nacho hakiwezi kusingiziwa. Lori lisilo na turbo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, likipanda Timboroa hutoa moshi mweusi kwa kukosa hewa, lakini hizi zina turbo, tena mwenzake ameweza kwa hewa hiyo hiyo.

Tuliporudi gatini alifungua kiwiko cha ekzosi, pale moshi unapokutana na maji ya kupoza. Bisibisi ilizama kwenye chuma kama kwenye andazi. Kutu ya miaka ya maji ya chumvi ilikuwa imekila kwa ndani na kuziba zaidi ya nusu ya njia. Moshi usipopata pa kutokea, injini hukosa pumzi. Na kiwiko kikitoboka, maji hurudi kupitia turbo hadi kwenye silinda, na pengine hiyo ndiyo historia ya ile silinda iliyoishia bar 19.

Zinki chini ya boti, vile vipande vinavyofungwa ili vilike badala ya chuma cha boti, zilikuwa nzima, na mwenyewe akazisifu. Fundi akatabasamu. Kwenye maji yasiyo na chumvi zinki hujifunika ukoko na kuacha kazi. Huku hufungwa magnesiamu. Zinki isiyolika hailindi kitu.

Ripoti yake ilikuja WhatsApp, kurasa tano za mwandiko wa kalamu zilizopigwa picha, mbili zikiwa zimeinama. Giaboksi alizigusia kwa sentensi moja, na shafti hakuzipima kabisa, ingawa tulikubaliana. Nampa nyota nne. Ya tano ameila na ile sampuli. Ukimwita, patana naye mapema kwamba oili ikikutwa mpya hulipii maabara, na umwombe muuzaji akutunzie filta za zamani.

Mwenye boti nilipomsomea zile kurasa tano alikasirika, akakaa kimya siku kumi na mbili. Juzi amenipigia. Ameshusha hadi milioni sita na nusu, amefungua kichwa cha injini ya kulia kwa gharama yake, anasema imeshafungwa na inanguruma vizuri, nije Jumamosi niisikie. Nimemwambia nitakuja alfajiri na fundi, na kabla ya hapo asiiwashe.