Vibonzo vipya vya wavuvi wa omena: mchoro safi, maneno mengi mno

Toleo hili la kwanza linauzwa Kisumu kwa shilingi 350. Ni kurasa 48 za rangi, ukubwa wa A5, mgongo wa gundi. Kijana wa Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria pale Kisumu, anarithi mashua ya babake pamoja na deni la injini.

Mchoraji kazi anaijua. Tazama ukurasa wa 14, usiku ziwani: taa zinaelea, omena, yaani dagaa wa ziwa hili, wanajazana chini ya mwanga, wavu unashuka. Fremu tatu ndefu, basi. Hata gugumaji amelichora na vikonyo vyake vilivyovimba, vile vinavyolifanya lielee, wakati wengi wangepaka kijani tu na kuendelea.

Halafu mwandishi anamharibia. Juu ya taa zilezile ameweka kiputo: "Taa zetu zinawavuta omena!" Nani humwambia mvuvi mwenzake hivyo, tena wakiwa mashua moja? Picha imeshasema. Nimehesabu fremu zenye maneno arobaini. Kwa fremu ndogo za A5, zaidi ya ishirini yanabana, herufi zinapunguzwa, na ndani ya matatu husomi kitu. Lugha nayo ni ya insha ya mtihani. "Ewe mwenzangu, tuuvute wavu" hutaisikia ufuoni, "Omera, vuta!" (omera ni "ndugu" kwa Kijaluo) ingetosha.

Ukurasa wa 22 jibu linatangulia swali. Tunasoma kutoka kushoto, juu kwenda chini, lakini anayejibu ndiye amewekwa kushoto na kiputo chake kiko juu. Ingetosha kuwabadilishia nafasi wahusika, au kukipandisha kiputo cha anayeuliza.

Uchapaji ndio umeniudhi zaidi. Bluu ya usiku imetoka kama tope, nyuso hazionekani. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, karatasi hutegemea wino wa rangi nne, na karatasi isiyong'aa hunywa wino ukatanda. Faili ilifaa igeuzwe kwanza iwe ya rangi za wino, kisha ukurasa mmoja wa giza ujaribiwe kwenye karatasi ileile kabla ya kuchapa vyote.

Na mgongo! Maneno ya ukingo wa ndani yamezama kwenye gundi. Ukikilazimisha kitabu kifunguke, kurasa zinabanduka. Waache sentimita moja na nusu bila maandishi upande huo. Ama waachane na gundi kabisa: kurasa 48 zinashikwa vizuri na pini mbili katikati.