Namba 115 na usafiri wa m-mama: uzoefu wangu wa kubebwa usiku nikitokwa damu

Nimeona kinamama wengi wakiuliza kama ile namba 115 ya kubeba wajawazito ni ya kweli au ni bango tu la ukutani pale zahanati. Ni ya kweli. Ilinibeba mimi na mtoto wangu wa pili, na hatukutoa hata shilingi ya mafuta. Ila sitaki nionekane napigia mtu debe. Kuna jambo moja mfumo huu unalifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na kuna mengine wala haukuundwa kuyafanya, ingawa watu wanaulaumu kwa hayo hayo.

Kwa ambao hawaujui: m-mama ni usafiri wa dharura kwa mjamzito, kwa mzazi ambaye hajamaliza siku 42 tangu ajifungue, na kwa kichanga wa chini ya siku 28. Ulianzishwa kwa fedha za hisani za Vodafone Foundation, ukajaribiwa huku huku kwetu Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua Dodoma ili uende nchi nzima. Kupiga 115 ni bure. Anayepokea ni mratibu mwenye orodha ya magari ya wagonjwa, na pia ya madereva wa kawaida wa vijijini waliosajiliwa na kupewa mafunzo. Gari la wagonjwa likiwa karibu linatumwa hilo. Likiwa mbali, anapigiwa dereva wa kijijini. Akishamfikisha mgonjwa na waliompokea wakathibitisha, nauli yake inaingia kwenye simu.

Hapo kwenye nauli ndipo penye siri yote. Waliozalia vijijini enzi za mama zetu wanajua ilivyokuwa. Nesi akisema "huyu apelekwe hospitali", wanaume wanaamshana usiku kwenda kugonga kwa mwenye gari. Mwenye gari anataja bei akijua huna ujanja. Mnaanza kuzunguka: huyu atoe kidogo, yule akope kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwingine auze mbuzi kwa bei ya kutupa. Saa mbili zinakatika mkiwa bado mnapatana. Na mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kumalizika ndani ya saa hizo hizo mbili.

Mimi nilijifungua vizuri tu, zahanati ya kijijini kwetu, kijiji cha wavuvi mkoani Mwanza. Mtoto alilia, akafutwa, akawekwa kifuani. Shida ikawa kondo la nyuma, halikutoka. Nesi alinichoma sindano, akanitoa mkojo kwa mpira, akasubiri, akajaribu tena, na damu ikaanza kuja. Mama mkwe wangu alikuwa pembeni, mama ninayemheshimu sana na aliyezalisha wengi kabla zahanati haijajengwa. Akasema, "Mpe chupa apulize. Mimi kwa huyu mume wake nilipuliza chupa, likatoka lenyewe."

Nesi hakubishana naye. Alisema, "Sawa mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), apulize, lakini mimi napiga simu." Basi nikawa napuliza chupa ya soda huku nesi ameweka simu kwenye spika anaongea na 115. Maswali niliyasikia mwenyewe: mzazi ana umri gani, ni uzao wa ngapi, amejifungua saa ngapi, presha ngapi, damu imelowanisha khanga ngapi, kundi lake la damu mnalijua? Liliandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki. Nawasihi wajawazito wote mhakikishe mmepimwa kundi la damu na limeandikwa kwenye kadi, maana usiku huo hakuna aliyekuwa na muda wa kuanza kutafuta.

Mratibu akasema gari la wagonjwa limeenda na mgonjwa mwingine, kwa hiyo anampigia dereva wa jamii. Baada ya muda mfupi akapiga tena kutaja jina la dereva, na chumba kizima kikamjua: ni yule kijana wa Probox anayepeleka dagaa mnadani. Alikuwa ameshapakia kwa safari ya alfajiri. Magunia akayashusha hapo hapo barazani kwa zahanati, akalaza viti vya nyuma, nesi akatandika makintoshi yangu na khanga mbili juu yake. Dripu ilifungwa kwa kipande cha kitambaa kwenye kishikio cha juu ya mlango. Gari lilikuwa linanuka dagaa kweli kweli. Mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa wabichi tumbo linanivuta.

Njiani nesi alikaa upande upande, mkono mmoja ananikandia tumbo, mwingine ameshika chupa ya dripu isigonge dirisha. Dereva alikuwa anatangaza mashimo kabla hajayafikia: "Nesi, shimo! Nesi, kuna korongo hapa, shikilia!" Mama mkwe alikuwa mbele na mtoto, amemvika khanga mpaka kichwani. Chupa ya soda aliibeba pia, sijui kwa nini.

Hospitali walikuwa wanatusubiri. Hilo sikulitegemea kabisa. Nilizoea kwamba rufaa ni kufika, kukaa kwenye benchi, kuandikisha, kuulizwa upya maswali yale yale. Safari hii machela ilikuwa mlangoni, na yule nesi wa wodi ya wazazi aliniita kwa jina kabla hajaambiwa. Mratibu alikuwa ameshawapigia. Nilichomwa dawa, daktari akalitoa kondo kwa mkono, nikawekewa damu. Mume wangu alikuja nyuma na bodaboda, akaombwa achangie damu kufidia niliyotumia, akachangia.

Mume wangu ndiye aliyenisimulia ya getini. Alitaka kumpa dereva chochote, walau ya soda. Yule kijana akamwonyesha simu: nauli ilikuwa imeshaingia. Akamwambia, "Zamani, kaka, ningeanza kwa kukuuliza una shilingi ngapi." Kisha akawahi dagaa wake.

Sasa tathmini yangu. Wakufunzi wa afya ya uzazi wana kawaida ya kusema mama anakufa kwa sababu ya ucheleweshwaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. m-mama imeundwa kwa ule wa pili, na kwenye ule wa pili naipa nyota tano bila kusita. Haikunipatanisha bei na mtu, haikuuliza mume wangu yuko wapi, haikudai nisaini karatasi yoyote. Mjomba mmoja alinisubirisha kwa mwezi mzima akisema bili itakuja tu, wazungu hawatoi cha bure. Haijaja. Babu mwingine aliuliza kama wanabeba na ng'ombe aliyekwama kuzaa. Hapana babu, hawabebi.

Ule wa kwanza, wa kuamua, hakuna gari linaloweza kuutibu. Namba ilikuwa imebandikwa ukutani kwa muda mrefu, na bado usiku ule kulikuwa na mtu mzima mwenye nia njema aliyetaka tusubiri kidogo. Nesi angekuwa mwoga au mgeni pale kijijini, tungesubiri. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "115 haifanyi kazi kwetu", muulize kwanza nani alipiga na alipiga saa ngapi. Halafu kuna mtandao. Kitongoji cha jirani yetu simu inashika ukisimama chini ya mwembe mmoja tu, na usiku wa mvua mwembe huo uko mbali sana. Masika barabara yao nayo haipitiki, na hapo hata mratibu awe hodari namna gani, atatuma nini?

Ule wa tatu, wa hospitali, nao uko nje ya uwezo wao. Mimi nilibahatika damu ilikuwepo. Lakini nimewahi kumsindikiza ndugu yangu sehemu nyingine, huduma ya uzazi ni bure kwa sera, na bado tukatumwa kununua glovu na nyuzi duka la dawa la nje. Sitaji ni wapi. Nasema hivi ili mtu asidhani gari likishakuwa bure basi safari nzima ni bure. Beba akiba yako.

Na jambo ambalo sikulifikiria mpaka nilipopona: zahanati yetu ina nesi mmoja wa zamu ya usiku. Aliponisindikiza mimi, zahanati ilibaki na mlinzi. Angekuja mwingine na uchungu, angepokelewa na nani? Alirudi na yule yule dereva wa dagaa kabla hakujapambazuka, na mchana alikuwa kliniki anapima watoto uzito kama kawaida. Kwa hili sina wa kumlaumu kwenye mfumo wa usafiri. Ni upungufu wa watumishi. Lakini kadiri usafiri unavyokuwa mzuri ndivyo manesi wa vijijini wanavyotolewa vituoni usiku, na sijaona mtu analizungumza.

Kwa upande wa vichanga, jirani yangu ana ushuhuda kuliko mimi. Alijifungua mtoto njiti, akapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza mjini, na gari la wagonjwa, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi, khanga juu, kofia ya sufu kichwani, kama manesi wanavyofundisha ili asipate baridi. Wao walivuka kwa daraja jipya la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Ukiwa na umri wangu unakumbuka foleni ya pantoni pale, magari ya wagonjwa yakisubiri kama ya ndizi. Daraja si la m-mama wala la wafadhili, lakini kwa mtoto yule lilikuwa sehemu ya matibabu. Sasa anatambaa.

Kuna watu wanapenda kusema m-mama ndiyo imeshusha vifo vya wajawazito Tanzania. Takwimu zenyewe ni nzuri mno: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Lakini utafiti huo wa 2022 ulifanyika mwaka ule ule mfumo ulipozinduliwa kitaifa, maeneo mengi yakiwa hayajaupata. Katika kipindi hicho hicho wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hiyo ni kazi ya vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, ya manesi, na ya kinamama wenyewe waliokubali kutoka nyumbani. m-mama imekuja kuongezea nguvu, na ilichoongeza mimi ninacho mwilini, lakini tusiwapore wengine haki yao.

Wasiwasi wangu mkubwa ni fedha. Mwanzoni mwa 2025 tuliona miradi mingi ya afya iliyotegemea fedha za Marekani ikisimama ghafla, wahudumu wakirudishwa nyumbani. Hisani ni nzuri kuanzishia. Nauli ya dereva wa Probox, kwa maoni yangu, ihakikishwe kwenye bajeti ya halmashauri kama ilivyo mishahara, ili asije akaanza tena kuuliza una shilingi ngapi. Diwani wetu akija kuomba kura nitamuuliza hilo kabla ya kisima.

Kwa jumla natoa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya wale wa chini ya mwembe.

Mkitaka kuitumia: mhudumu wa zahanati ndiye bora apige, kwa kuwa anajua kujibu maswali ya kitaalamu, lakini ukikwama nyumbani piga mwenyewe, 115 inapokea. Taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana na kila mtu, msikiti, kanisa, mashine ya kusaga. Chukua kadi ya kliniki, makintoshi, khanga zaidi ya unavyodhani, na mtu mmoja wa kuchangia damu. Nauli ya kurudi ni yako, hii ni huduma ya dharura na inakupeleka tu. Mimi niliruhusiwa asubuhi bila kutarajia, mume wangu ameshaondoka na pesa mfukoni, ikabidi mama mkwe atoe zilizokuwa zimefungwa kwenye pindo la khanga yake tukapanda Hiace.