Mafunzo ya Kuzuia Ukatili Kazini, Kigoma Mjini: Asubuhi Nzuri, Mchana Umepwaya

Mafunzo haya ya siku moja hutolewa na ofisi ndogo ya ushauri wa masuala ya kazi hapa Kigoma, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa sehemu ya ninayoyasema ni lawama. Mwezeshaji huwafuata mahali penu pa kazi na hutoza kwa kila mshiriki. Mimi nasimamia stoo ya mawese na dagaa eneo la Mwanga, yenye wauzaji, karani wa mzani na makuli wanaolipwa kwa mzigo, na niliyaomba baada ya mabishano ya mzani kuishia kwenye ngumi.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukaguzi. Kabla ya kuwasha projekta, mwezeshaji aliizunguka stoo yote pamoja na karani, akiuliza nani husimama wapi na fedha huhesabiwa saa ngapi. Jisu letu la kukatia kamba lilikuwa likining'inia kwenye msumari upande wa wateja, mahali ambapo mtu mwenye hasira angelifikia bila kunyoosha mkono. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na madumu ya mawese, na kaunta ilikuwa imesogezwa ukutani kiasi kwamba muuzaji akifokewa hana pa kutokea ila kupita mbele ya huyo huyo anayemfokea. Mauzo tulikuwa tukiyahesabu jioni milango ikiwa wazi, bodaboda wakitazama. Kurekebisha yote hayo hakukugharimu hata shilingi moja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake, lakini wengi wetu tukiisikia tunawaza mitungi ya kuzimia moto tu.

Baada ya hapo alitufundisha kutambua hatari kwa kuangalia inatoka kwa nani, akifuata mgawanyo unaotumiwa na NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini: mhalifu anayekuja kuiba, mteja anayehudumiwa, mfanyakazi dhidi ya mwenzake, na mtu wa nyumbani anayemfuata mfanyakazi kazini. Hilo la mwisho liliwanyamazisha washiriki, kwa sababu hapa kwetu mume akija dukani kumpiga mkewe watu husema ni mambo ya ndani na kuendelea kupima dagaa.

Zoezi la kutuliza hasira lilifanyika mzanini penyewe. Kuli mmoja aliigiza mteja aliyepunjwa, na aliigiza vizuri mno, hata wapita njia wakasimama. Muuzaji alifundishwa kukaa umbali wa kama mikono miwili, asimzibie mteja njia ya kutoka, asimguse, ateremshe sauti badala ya kushindana naye, kisha aseme jambo linaloweza kutendeka papo hapo: "Nimekusikia, mama, tupime tena ukiwa unaona." Kwa jambazi, agizo lilikuwa fupi: toa fedha, usimfukuze, piga 112 akishaondoka.

Mchana mambo yalilegea. Slaidi zilionyesha majengo yenye kadi za kufungulia milango na walinzi wa mapokezi, vitu ambavyo stoo ya mlango wa bati haina habari navyo. Mbaya zaidi, utaratibu wa kutoa taarifa ulikuwa na ngazi moja tu, yaani mfanyakazi amweleze msimamizi wake. Karani aliuliza, na aliuliza kwa haki ingawa msimamizi mwenyewe ni mimi, afanyeje ikiwa anayemnyanyasa ni huyo msimamizi. Jibu lilikuwa la kubabaisha. Angeweza kuelezwa kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, kwamba mgogoro wa namna hiyo unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu nidhamu, mwezeshaji alisema aliyempiga mwenzake "afukuzwe siku hiyo hiyo." Huo ni ushauri wa hatari kwa mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria hiyo ya ajira, zinataja kumshambulia mfanyakazi mwenzako, mteja au msambazaji miongoni mwa makosa makubwa, lakini kosa kubwa haliondoi haja ya uchunguzi na kumsikiliza mtuhumiwa. Mfanyakazi anayedai kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kwenda Tume, na mwajiri aliyeruka utaratibu atabanwa hata kama ngumi zilirushwa kweli. Wala hakutaja fomu ya polisi ya PF3 kwa aliyejeruhiwa au Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa aliyeumia akiwa kazini, ilhali hayo ndiyo maswali ya saa ya kwanza baada ya tukio.

Tulibishana pia kuhusu makuli. Alitaka kuwaondoa kwenye orodha ya washiriki kwa hoja kwamba si waajiriwa wangu. Nilikataa, kwa kuwa wao ndio wanaosimama kati ya mzani na mteja. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa mwaka 2019, unamlinda mtu anayefanya kazi bila kujali hadhi ya mkataba wake na unaigusa hata sekta isiyo rasmi. Nililipia viti vyao, wakakaa.

Ningewaita tena kwa asubuhi peke yake, na nimewaandikia hivyo. Wenye maduka, nyumba za wageni na mashine za kukoboa wanaotaka kuwatumia waombe ukaguzi na zoezi la mzanini, wakatae slaidi za mchana, kisha muda huo wampe mtu anayeshughulika na mashauri ya kazi kila siku. Walio Kasulu au Uvinza wajue kuwa nauli ya mwezeshaji huongezwa kwenye bili, jambo ambalo halielezwi mpaka ukiuliza.